Baiti 20 kila usiku

Kwa miezi mitatu, kila saa nane usiku, seva ya ofisi moja niliyokuwa naihudumia ilitengeneza faili la bekapu, yaani nakala ya akiba ya data. Jina lilikuwa sahihi, tarehe ilikuwa sahihi, na faili lilikaa kwenye folda lake. Siku tulipolihitaji ndipo nikatazama safu ya ukubwa: baiti 20. La usiku uliotangulia, baiti 20. La mwezi uliopita, 20 vilevile.

Baiti 20 ndio ukubwa wa faili lililobanwa na programu ya gzip ambalo ndani yake hamna kitu. Skripti yangu, yaani faili la amri, ilikuwa na mstari mmoja wa maana: mysqldump itoe data kwenye hifadhidata, gzip ipokee na kuibana. Kumbe mtu alibadilisha nywila ya hifadhidata. Mysqldump ikagonga mlango, ikafukuzwa, ikarudi mikono mitupu. Gzip haina desturi ya kuuliza maswali. Ikaubana utupu ule kwa uaminifu wote na kuripoti kwamba kazi imekwisha salama. Kwenye Linux, ukiunganisha amri mbili kwa alama ya |, jibu linalosikika ni la ile ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa gzip, na gzip kweli ilifaulu.

Tuliokolewa na mhasibu, ambaye hakuwahi kuiamini kompyuta yangu. Alikuwa akichapa taarifa zake kwenye karatasi kila Ijumaa na kuzipanga kwenye jalada. Tuliketi siku nne tukiingiza takwimu kwa mkono.

Maelekezo mengi ya kuweka bekapu inayojiendesha yanakufundisha kuandika skripti na kuipangia saa, kisha yanakuaga. Hiyo ni nusu rahisi. Ugumu ni kwamba ukishaikabidhi mashine kazi unaacha kuitazama, na mashine ikishindwa kazi aghalabu hunyamaza. Kwa hiyo hapa nitaipitia njia nzima, lakini nitakaa zaidi pale ambapo ukimya hujificha.

Tuanze na kinachonakiliwa. Chukua seva ya kawaida ya ofisi ndogo: kompyuta ya mezani iliyozeeka, Linux ya Debian juu yake, hifadhidata ya MariaDB yenye hesabu, folda la nyaraka, labda Nextcloud ya kushirikiana mafaili. Mafaili ya kawaida hayana shida, unayanakili yalivyo. Hifadhidata ndiyo yenye mtego. Mtu anaona folda la /var/lib/mysql, linalotunza data yake, anasema nitalinakili lote, basi. Lakini hifadhidata inayofanya kazi inaandika kwenye mafaili mengi kwa wakati mmoja. Unapoanza kunakili faili la kwanza ni saa nane kamili, unapofika la mwisho ni saa nane na dakika sita, na katikati hapo kuna muamala ulioingia nusu huku na nusu kule. Ni kama kuhesabu kuku wakiwa wanatembea uani: idadi utaipata, ila si idadi ya kuku wako.

Dawa ni kuiomba hifadhidata yenyewe ikupe picha moja tulivu. MariaDB na MySQL zina mysqldump, na kwa jedwali za InnoDB (aina yao ya kawaida) unaongeza --single-transaction ili picha iwe ya sekunde moja hata kama watu wanaendelea kuandika. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ina pg_dump, ambayo hufanya hivyo bila kuombwa, ila haibebi orodha ya watumiaji wa hifadhidata. Hiyo huchukuliwa kwa pg_dumpall --globals-only, na wengi hulijua hilo siku ya kurejesha. SQLite ina amri yake ya .backup. Ukimaliza data, usisahau /etc: mipangilio ya miaka miwili huwa imekaa humo, na hakuna aliyeiandika popote.

Sasa chombo. Kabla ya kukitaja nivunje imani mbili. Diski mbili zilizofungwa kwa RAID, ili kila kinachoandikwa kiandikwe kwenye zote mbili, si bekapu. Zinakulinda diski moja ikifa, lakini ukifuta faili, linafutika kwenye zote mbili papo hapo. Vivyo hivyo rsync, chombo cha kuhamisha mafaili, ikitumika kama kioo. Ni chombo kizuri mno, kiliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, na hadi leo sijaona kinachokipita kwa kuhamisha mafaili. Ila ukikipa --delete (kifute kwenye nakala kilichofutwa kwenye asili) na kukiendesha kila usiku, makosa ya mchana yanahamia kwenye nakala ifikapo asubuhi. Bekapu lazima iwe na jana, juzi na mwezi uliopita.

Ninachotumia ni restic. Wengine wanapenda Borg, na sitagombana nao, maana wazo la msingi ni lilelile. Programu inakata kila faili vipande, inakipa kila kipande alama yake ya utambulisho inayotokana na yaliyomo ndani, na kipande ambacho tayari kipo ghalani, yaani mahali nakala zinapotunzwa, hakipelekwi tena. Siku ya kwanza inabeba kila kitu. Siku ya pili inabeba kilichobadilika tu, na bado kila usiku unapata picha kamili unayoweza kuirejesha peke yake. Kila kitu kinasimbwa kabla hakijaondoka kwenye seva, hivyo anayekutunzia ghala hawezi kusoma mishahara ya watu.

Hapa kuna jambo lililonichekesha nilipolielewa. Ile gzip iliyonifunika macho haikuhitajika kabisa. Ukibana data kwanza, badiliko dogo mwanzoni mwa faili hubadilisha karibu kila kinachofuata, na restic inashindwa kutambua vipande vya jana. Ipe restic data ambayo haijabanwa. Tangu toleo la 0.14 la mwaka 2022, restic inabana yenyewe.

Skripti ninayoiacha kwenye seva siku hizi ni hii, na si ndefu:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
source /root/bekapu.env

mountpoint -q /mnt/bekapu
mysqldump --single-transaction --routines ofisi > /var/bekapu/ofisi.sql
tail -n 1 /var/bekapu/ofisi.sql | grep -q "Dump completed"
restic backup /etc /home /srv /var/bekapu
restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 6 --prune
curl -fsS -m 10 --retry 3 "$PIGA_HODI"
```

Mistari inayonakili ni michache. Iliyobaki ni ya kukataa kudanganywa.

Mstari wa set unasema: amri yoyote ikishindwa, simama hapohapo. Na pipefail ndiyo neno ambalo lingeniokoa ile miezi mitatu, kwani mnyororo wa amri unahesabiwa umeshindwa hata kama aliyeshindwa ni wa mwanzo.

Mstari wa mountpoint una historia yake. Diski ya nje inapounganishwa, inaonekana kama folda la /mnt/bekapu. Ikichomoka (mfagizi amegusa waya, au umeme umerudi kwa kishindo na diski haikuamka) folda lile linabaki palepale, ila sasa ni folda la kawaida kwenye diski ya seva. Kwa bekapu inayoandika mafaili tu, kama ile yangu ya zamani, hakuna kosa litakalotokea. Itaendelea kuandika juu ya diski ileile inayotakiwa kuilinda, mpaka ijae, na siku hiyo hifadhidata yenyewe inasimama kwa kukosa nafasi. Kwa hiyo tunauliza kwanza: diski ipo? Kama haipo, skripti inakufa, nasi tunataka ife.

Mstari wa tail unaangalia mwisho wa faili. Mysqldump ikimaliza kazi yake huandika mstari wa mwisho wenye maneno "Dump completed". Diski ikijaa katikati au muunganisho ukikatika, mstari huo hauandikwi. Na ile nywila iliyoanzisha mkasa wote? Haipo tena. Kwenye Debian, MariaDB humtambua root, mtumiaji mkuu wa mashine, bila nywila, hivyo skripti inayoendeshwa na root haina cha kupitwa na wakati.

Faili la /root/bekapu.env linabeba anwani ya ghala na mahali ilipo nywila ya restic. Nywila hiyo ndiyo kila kitu. Ukiipoteza hakuna ofisi ya kwenda kulia, usimbaji wake haufunguki. Sasa fikiri: nywila imekaa kwenye seva, seva imeungua, ghala lipo salama mbali, na wewe umesimama nje ya mlango uliofungwa. Iandike kwenye karatasi, tena mara mbili. Moja iwe kwenye sefu ya ofisi na nyingine kwa mtu anayeaminika. Nimeshaona vijana wakicheka karatasi, na mimi nilikuwa mmoja wao kabla ya mhasibu yule.

Kuhusu mahali pa kuweka, kuna kanuni ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vihifadhi, moja ikiwa mbali na jengo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuwa na bekapu, ila zilikuwa kwenye eneo lilelile. Kwa ofisi yenye kompyuta chini ya meza ya mhasibu, moto si lazima. Mwizi anayebeba kompyuta atabeba na diski iliyochomekwa pembeni yake.

Basi weka ghala la pili kwenye wingu, au kwa tawi lenu lililo mji mwingine, na urudie mstari wa restic backup ukielekezwa huko. Usiku wa kwanza utakutoa jasho. Gigabaiti 100 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua saa 44 na ushee, bila kukatika. Ndiyo maana naanza na folda muhimu, siku nyingine naongeza nyingine. Restic ikikatizwa njiani haianzi upya, vipande vilivyokwisha kufika vinabaki vimefika.

Lakini wingu lisikufanye uitupe diski ya nje. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu siku moja, na intaneti ikadorora vibaya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kama seva yako ingekufa wiki ile na nakala pekee ingekuwa Frankfurt, Ujerumani, ungekuwa na bekapu nzuri kabisa usiyoweza kuifikia. Ya karibu ni ya haraka, ya mbali ni ya maafa. Na kama data ni ya wateja, sheria nayo ina neno: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinagusa suala la kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Muulize mwanasheria kabla hujachagua nchi ya ghala.

Kuna adui mwingine wa ghala la mbali: aliyeingia kwenye seva. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo haviishii kwenye mafaili. Seva inao ufunguo wa ghala, na anayeimiliki seva anaweza kufuta ghala kwa amri moja. Hivyo ghala la mbali linapaswa kukubali kuongezewa tu, lisikubali kufutiwa. Seva ya restic, rest-server, ina hali hiyo, unaiwasha kwa --append-only. Usafishaji wa picha za zamani (kazi ya mstari wa restic forget) unaufanya mwenyewe upande ule, kwa ufunguo ambao seva ya ofisi haiujui.

Sasa saa. Wengi tunaifahamu cron, programu ya kuendesha amri kwa saa iliyopangwa, mzee aliyekuwemo kwenye mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970. Bado inafaa, ila ina tabia zake. Haiijui njia ya amri unayoijua wewe ukiwa kwenye terminali, kwa hiyo skripti inayofanya kazi mkononi inashindwa usiku kwa sababu cron haikuiona restic ilipo. Alama ya % ndani ya mstari wa crontab, faili la ratiba lake, inageuzwa kuwa mstari mpya, na mtu aliyeandika date +%F apate tarehe ya leo anabaki kushangaa. Kubwa zaidi kwetu ni hili: umeme ukiwa umekatika saa nane usiku, cron haikumbuki kwamba ilikosa zamu. Inangoja kesho. Umeme ukikatika usiku tatu mfululizo, huna bekapu ya siku tatu na hakuna aliyekwambia.

Kwa hiyo natumia saa ya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux. Unaandika huduma ndogo inayoendesha skripti, kisha faili la .timer lenye mistari hii:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00 Africa/Dar_es_Salaam
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Persistent=true maana yake: kama zamu ilipita mashine ikiwa imezimwa, iendeshe mara itakapowaka. Kuhusu jina la Dar es Salaam hapo, seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiandika 02:00 ukifikiri saa nane usiku, kumbe kwako ni saa kumi na moja alfajiri, na bekapu inakimbizana na watu wa kwanza kuingia kazini. Taja mji, umalize ubishi. Ukishawasha kwa systemctl enable --now bekapu.timer, amri ya systemctl list-timers itakuonyesha zamu iliyopita na ijayo.

Umebaki mstari wa mwisho wa skripti, ule wa curl (amri ya kufungua anwani ya mtandaoni), na kwangu ndio moyo wa mpango wote. Mtu wa kawaida hupanga aletewe barua pepe bekapu ikishindwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu mtandaoni, akiwa amechoka usiku, alifuta folda la hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alipozuia amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki nne na nusu. Walipokimbilia bekapu za pg_dump, ghala lilikuwa tupu. Toleo la pg_dump lililokuwa likitumika lilikuwa la 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya 9.6, hivyo ilikuwa ikigoma kila siku. Na barua pepe za kuwaarifu? Zilitumwa. Zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa zimesainiwa inavyotakiwa. Walirejea kwenye picha ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa, na kazi ya saa hizo sita ya watumiaji wao ikapotea.

Tazama jinsi walivyodanganywa: hakuna barua, basi hakuna tatizo. Ukimya wa mafanikio na ukimya wa msiba ulikuwa na sura moja.

Kwa hiyo geuza. Fikiria mlinzi wa usiku anayepiga chuma kila saa. Mlio haukuamshi, umeuzoea. Kinachokuamsha ni saa kupita bila mlio. Mstari wa curl ndio mlio huo: skripti ikifika mwisho salama, na mwisho tu, inapiga hodi kwenye anwani fulani. Upande wa pili kuna huduma inayojua kwamba hodi inatakiwa kila baada ya saa 24. Isipofika, inakutumia ujumbe kwenye simu. Seva imekufa, umeme hakuna, nywila imebadilika, diski imechomoka, rauta imezimwa: yote yanaleta matokeo mamoja, hodi haikupigwa, simu inalia. Healthchecks ni programu huria ya kazi hii hasa. Ila usiiweke kwenye seva ileile inayolindwa, maana mlinzi hawezi kutoa taarifa ya kifo chake.

Hata hodi hiyo inathibitisha tu kwamba data imekwenda. Kwamba inarudi, utajua kwa kuirudisha. Mara moja kila miezi mitatu narejesha picha ya mwisho kwa restic restore latest --target /srv-jaribio kwenye mashine nyingine, nafungua hifadhidata yenye jina la jaribio, naimwagia lile faili la ofisi.sql, kisha nauliza maswali mawili: kuna miamala mingapi, na wa mwisho ni wa tarehe gani? Tahadhari moja hapa. Kama mysqldump iliendeshwa na --databases, faili linabeba ndani yake jina la hifadhidata ya asili, na ukilimwaga kwenye seva hai litafunika data ya leo kwa data ya jana, hata kama wewe ulitaja jaribio. Ndiyo maana mstari wangu hauna neno hilo, na ndiyo maana natumia mashine nyingine. Kati ya majaribio hayo, restic check --read-data-subset=5% inasoma sehemu ya ghala kuona kama vipande vimeoza.

Mara ya kwanza jaribio lilinichukua adhuhuri nzima, kwa sababu sikujua folda zipi zinahitaji kurudishiwa wamiliki wake na Nextcloud ikagoma kuwaka. Niliandika hatua zote kwenye ukurasa mmoja. Mara ya pili ilikuwa dakika 50, na aliyeifanya hakuwa mimi, alikuwa kijana wa mapokezi akisoma ukurasa ule.

Mhasibu bado anachapa taarifa zake kila Ijumaa. Sijamwambia aache.